Naombeni ushauri: nitajuaje kusudi la Mungu kwangu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina miaka 31, naishi Mbagala, nauza vitenge Kariakoo. Biashara inakwenda, namshukuru Mungu. Shida iko moyoni. Kila ibada naambiwa Mungu ana kusudi na mimi, nikirudi dukani kazi ni ileile: kupima, kukunja, kubishana bei.

Juzi mama mmoja alikuja kuchagua kitenge cha msiba wa mwanawe, akashindwa, akaanza kulia. Nikamvutia stuli, tukakaa kama nusu saa, wateja wengine wakapita. Usiku ule nililala na amani kuliko baada ya mkesha wowote (msinicheke).

Rafiki yangu anataka nifunge duka niende chuo cha Biblia, kila siku ananitumia Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anajua mawazo anayotuwazia, ya amani na tumaini. Lakini nikisoma sura nzima, naona barua ile walipelekewa mateka wa Babeli, wakaambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani, maana wangekaa kule miaka 70. Sasa kuacha kazi kunatokea wapi hapo?

Nina ada ya chuo ya mwaka mmoja tu, na mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Mliopita hapa, mlitambuaje? Mlisubiri sauti, au mlianza na kilichokuwa mkononi?