Tupeane uzoefu: filamu zilikufundisha nini kuhusu tajiri na maskini?

Wakuu, habari za jioni. Mimi nimekulia vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea video) vya Tandika, Dar, filamu za Nigeria kwanza, kisha Bongo movie za enzi za marehemu Kanumba. Kinachoniuma ni kwamba tajiri wa kwenye filamu hana kazi. Geti linafunguliwa, gari inaingia, mzee anaongea na simu mbili sebuleni, basi. Hatumwoni akidaiwa wala akihangaika na kodi ya fremu. Maskini naye kazi yake ni kuvumilia hadi aolewe na mtoto wa tajiri. Naamini hapo ndipo tulipojifunza kwamba mwenye nacho anatudai heshima, na sisi tunamdai hela. Leteni yaliyowakuta wenyewe.

*

Mimi nilikuja Dar kutoka Singida kufanya kazi za ndani. Jioni tulikuwa tunaangalia filamu pamoja, wao kwenye makochi, mimi kwenye mkeka. Siku moja ikawekwa ile ya dada wa kazi anayemchukua mume wa bosi wake. Mama akanigeukia akasema, "Ndivyo mlivyo." Kesho yake kabati la sukari na maziwa likafungwa kwa kufuli, nikawa nasubiri aamke ndipo nimchemshie mtoto uji. Mume mwenyewe hatukuwahi kuongea zaidi ya shikamoo na marahaba. Bado linanichoma.

*

Nina fremu Kariakoo, nauza vifaa vya umeme. Ndugu wakiona mzigo umejaa mpaka darini wanajua nimetoboa, kumbe nusu ni mali kauli, mzigo wa kukopa ninaolipa baadaye. Mdogo wangu mmoja alitaka mtaji, nilipomwambia sina akasema, "Kaka, hela unazo, roho mbaya tu." Nikamfungulia daftari la madeni, nikamsomea jina moja moja na tarehe ya kulipa. Alinyamaza, lakini nyumbani bado wanaambiwa nabana.

*

Tafuteni Parasite ya Bong Joon-ho, ya Korea Kusini, 2019, ndiyo iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Humo maskini si malaika na tajiri si mchawi. Mvua ni ileile: kwa tajiri inaharibu safari ya kupiga kambi, kwa familia inayoishi nusu chini ya ardhi maji machafu yanajaa ndani. Asubuhi mama tajiri anaisifu mvua kwenye simu, na dereva wake, baba wa familia ile maskini, usiku kalala ukumbini na wahanga wenzake.

Ilinigusa kwa sababu mafuriko ya Dar ya Desemba 2011 yalitukuta bonde la Msimbazi. Magodoro, vyeti, vyote vilikwenda na maji. Niliporudi kazini nikaulizwa kwa nini naingia ofisini na viatu vya tope. Hakuna aliyeuliza nimelala wapi.

*

Mleta mada, nakupinga kidogo. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja na orodha: nyumba, pikipiki, hadi friji. Mama alikuwa ameangalia filamu nyingi za Nigeria za wajane kufukuzwa na mashemeji, akajua mapema kinachokuja. Hati ya nyumba aliificha kwa jirani, akadai kikao cha ukoo kiandikwe muhtasari, kisha akaenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Baba mkubwa alifoka kwamba mali ni ya ukoo. Mama akamjibu, "Shemeji, hayo utamwambia hakimu." Nyumba ipo Morogoro, na ndimo anamoishi.