Uliwahi kupotelea kwenye mdundiko au sikukuu hapa Dar? Tupeane uzoefu

MtotoWaMapipa:
Jana jioni matarumbeta yamepita nje kwetu yakimsindikiza bibi harusi, vijana wako nyuma ya Kirikuu wanapuliza mpaka mashavu yamevimba. Kuja kugeuka, binti yangu wa miaka sita hayupo. Nimemkuta mtaa wa tatu, peku, anakata mauno katikati ya watu asiowajua. Nikainua mkono nimchape, mkono ukagoma. Nilijiona mwenyewe pale.

Waliokulia uswahilini wanajua: mtoto akikosekana jioni, swali la kwanza lilikuwa "kuna ngoma imepita?" Mdundiko haukai uwanjani, unatembea. Mwali akitolewa, ngoma inaanzia kwao, inapita mtaa kwa mtaa, na kila mtaa unamwaga watoto wake humo. Wapigaji wanajua wanakokwenda. Sisi wa nyuma tunafuata vumbi tu.

Mwaka 1986 nilitumwa mafuta ya taa. Nina chupa, nimeiziba na gunzi. Dukani sikufika. Mapipa hiyo, Kigogo hiyo, tukavuka mto Msimbazi, giza limeingia tuko Buguruni, ngoma ikanyamaza. Ikinyamaza ndiyo unajua umepotea. Mama mmoja akanishika bega:
"Wewe wa nani?"
"Wa mama."
"Mama gani?"
"Mama Hadija."
"Mama Hadija wako kumi hapa, yupi?"

Nikaingizwa kwenye sinia la pilau na watoto kama kumi na wawili, nikalala mkekani mguu wa mtu puani. Asubuhi nikapelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, tukatembea tunaulizia mpaka Mapipa. Baba hakulala, alikuwa ametangazisha misikiti mitatu. Mama ananiangalia juu mpaka chini, macho mekundu kwa kulia, neno la kwanza: "Mafuta yako wapi?"

Haya, na nyie semeni.

Bi Mkora:
"Mama Hadija wako kumi." Nimemwaga chai mimi 😂😂

Kijana wa Malapa:
Gunzi! Watoto wa leo waambie gunzi lilikuwa kizibo, hawakuelewi.

Mama Pacha:
Mimi ni upande wa pili, mimi ndiye mama. Iddi Pili tumekwenda Mnazi Mmoja, watu kama mchanga, bembea zinalia. Wanangu nimewashonea gauni za njano zenye kishada mgongoni, kitambaa nimechukua mtaa wa Kongo. Nilidhani nimepata cha peke yake. Kumbe nusu ya Kariakoo imekata jora moja na mimi, pale uwanjani gauni za njano kama kuku wa siku moja. Nimeachia mkono mara moja nilipe aiskrimu, nimeshika tena, natembea nambembeleza "usilie mama, tunakwenda nyumbani," mtoto ndiyo kwanza anazidi kulia. Tumefika kituoni pacha wangu mwingine ananiambia, "Mama, huyu si Kulwa." Jamani! Nilirudi mbio, viatu mkononi. Nikakutana na mwanamke naye anakuja mbio, kamshika Kulwa wangu, tena Kulwa anakula mahindi ya watu hana habari. Tuliangaliana, tukabadilishana watoto kama watu wanaorudishiana miavuli. Hata jina sikumuuliza.

Bi Mkora:
Ungefika nae nyumbani ungesema nini kwa mumeo? "Nimezaa njiani"?

Mngoni wa Yombo:
Naomba kurekebisha. Mdundiko ni wa Wandengereko, Wazaramo wameudandia.

Mzaramo Halisi:
Mngoni anafundisha watu mdundiko? Wewe kwenu ni lizombe, tulia hapohapo.

Mngoni wa Yombo:
Nimeoa Rufiji kaka. Najua nisemacho.

Mzaramo Halisi:
Umeoa, hukuzaliwa. Mahari haikupi ngoma.

Mtoto wa Uru:
Ndiyo maana sisi Wachaga Desemba tunakwenda kwetu Moshi, tunawaachia mji wenu. Hata kupotea tunapotelea kwa babu, huko kila mtu ni shangazi yako. 😄

Mzaramo Halisi:
Nendeni, na mkirudi Januari msije kukopa nauli.

Dereva wa Zamani:
Mimi ngoja nieleze ya mdogo wangu. Sipendi kuieleza lakini hiyo ya Buguruni imenigusa.

Mwaka 1991, Ilala. Kulikuwa na mwali nyumba ya nne kutoka kwetu, ngoma wamekodi kutoka Kisarawe, wazee kabisa, sio hawa wa mjini. Mdogo wangu ana miaka minane. Usiku ngoma imekwisha, watoto wote wamerudi, yeye hayupo. Tumepita na karabai mpaka kwenye mitaro. Siku ya pili polisi. Siku ya tatu baba na mjomba wakaenda mochwari, wakarudi hawasemi. Siku ya tano majirani wakaanza kuja na mikeka bila kuitwa. Mama akasimama mlangoni akasema mkeka wa msiba hautandikwi humu ndani, mwenye kiu ya kulia akalilie kwake. Bibi yangu ndiye alikaa upenuni na kanga yake, hali, hanywi, anasikiliza barabara tu.

Nimefika kituoni, nashuka. Nitaendelea.

Kijana wa Malapa:
UNASHUKA WAPI?? Rudi hapa!

Mama Pacha:
Kaka jamani, usitufanyie hivyo. Alipatikana? Sema neno moja tu.

Mtoto wa Uru:
Hii chai. Tena ya tangawizi.

Bi Mkora:
We mtoto wa Uru una roho ngumu. Mtu anaeleza mdogo wake unaleta chai.

Mtoto wa Uru:
Nimesema chai kwa sababu ya kukatia patamu. Mkweli humaliza.

Mwalimu Tandika:
Tukiwa tunamsubiri, msicheke tu. Iddi ya mwaka 2008 kule Tabora watoto waliingia disko toto, ukumbi ukajaa kupita kiasi, hewa ikaisha, wakafa wengi. Tangu hapo wanangu disko toto wanalisikia kwa jirani. Sikukuu kwangu ni pilau na mlango wazi, basi. Na mtoto aandikwe namba ya simu mkononi kwa kalamu.

Kijana wa Malapa:
Jasho la Dar na kalamu wapi na wapi. Saa moja tu namba imebaki sifuri saba.

Fundi Cherehani:
Shona ndani ya kola. Mimi nawashonea wateja bure.

Mzaramo Halisi:
Namba usiweke kabisa. Atatokea mjanja akutumie "ile hela tuma kwenye namba hii" na mtoto humpati. Mfundishe jina la mjumbe.

Mama Pacha:
Mjumbe mwenyewe leo nani anamjua? Mimi namfunga na kanga kiunoni kwangu. Wanaocheka wacheke.

Shemeji wa Kisutu:
Mimi nilipotelea Diwali, wala sio ngoma. Tumefuata fataki kutoka Kariakoo mpaka Kisutu, wenzangu wakakimbia. Mama mmoja wa Kihindi akanipandisha juu ya kaunta ya duka lake, akanipa jalebi mbili na kuniambia "kaa, kula." Nimekaa, nimekula, baba kanikuta. Kesho yake nimejipoteza tena makusudi, duka limefungwa.

Dereva wa Zamani:
Nimerudi, samahanini, simu ilizima.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, limesimama lori la mihogo. Kashuka mzee na kanzu ya kaki, kwapani jogoo mwekundu kafungwa miguu, nyuma yake mdogo wangu. Kumbe usiku ule alipanda kwenye gari la wapigaji, akalala katikati ya ngoma chini ya turubai. Wameshtuka wako Maneromango. Wanamuuliza kwenu wapi, anasema Ilala. Ilala ipi? "Ilala ya kwetu." Mvua ikakata njia, magari hayapiti, mzee akakaa nae.

Mama hakusema kitu. Alimvua shati hapohapo barazani, akamgeuza mgongo, akamkagua mikono, kidole kimoja kimoja. Viganja vilikuwa na malengelenge. Mzee akainamisha kichwa: "Nisamehe mwanangu, alikuwa halali bila kupiga chapuo."

Mama Pacha:
Nalia kwenye daladala, watu wananiangalia.

Mtoto wa Uru:
Haya, nimefuta chai. Jogoo mlimla?

Dereva wa Zamani:
Bibi alikataa achinjwe. Alikaa nasi miaka minne, anawika saa nane za usiku. Majirani walimchukia sana.

Mngoni wa Yombo:
Huyo mzee wa Maneromango aliitaje hiyo ngoma? Ulisikia akisema ni ya Wazaramo?

Mzaramo Halisi:
Maneromango kaka. MANEROMANGO. Unataka cheti cha kuzaliwa cha ngoma?

MtotoWaMapipa:
Endeleeni, nasoma. Nimesikia tarumbeta huko nje, ngoja nikafunge geti.