Uzuri wa picha ya mitindo ni wa mbunifu wa nguo au wa mpiga picha?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, kuna picha mbili nizipendazo kuliko zote, na kila nikizitazama hunirudia swali lile lile. Ya kwanza ni mchoro wa rangi za mafuta wa Ingres, mchoraji Mfaransa, unaomwonyesha Madame Moitessier, uliopo katika jumba la sanaa la National Gallery mjini London, ambao mchoraji aliuanza mwaka 1844 na kuukamilisha mwaka 1856 akiwa na umri wa miaka 76. Ya pili ni picha ya kamera aliyoipiga Mmarekani Richard Avedon mwaka 1955, ambamo mwanamitindo Dovima amesimama kati ya tembo katika jumba la sarakasi jijini Paris, akiwa amevaa gauni jeusi la Dior, nyumba ya mitindo ya Paris, lenye utepe mpana mweupe. Katika zote mbili jicho langu hutua kwenye nguo kabla ya kufika usoni, ilhali nguo hizo hazikushonwa na Ingres wala Avedon. Je, ninachokipenda ni kazi ya msanii, au ni kazi ya fundi wa nguo ambayo msanii ameihifadhi tu?

Jibu la kwanza

Kwa upande wa Ingres, sina shaka kwamba unachokipenda ni chake. Hapo awali alikusudia kumchora mama huyo pamoja na binti yake, kisha akamwondoa mtoto. Hata gauni lenyewe lilibadilishwa kazi ikiendelea, mpaka likawa hilo la hariri yenye maua tunaloliona leo. Tazama pia kioo kilichopo nyuma yake: kinaonyesha uso kwa upande, jambo ambalo kioo kilichowekwa namna ile kisingeweza kulifanya. Mtu anayethubutu kuukiuka ukweli wa kioo kwa ajili ya mstari mmoja wa shavu hawezi kuitwa mhifadhi wa kazi ya fundi mwingine.

Avedon hakuwa na uhuru huo, kwa kuwa kamera ilichukua kila kilichokuwapo, pamoja na minyororo iliyofungwa miguuni mwa tembo, ambayo mimi huiona kuwa sehemu nzito kuliko zote katika picha ile. Uwezo wake ulikuwa wa kupanga mambo na kuchagua sekunde ya kupiga picha. Aliweka kitambaa laini kando ya ngozi iliyokunjamana, na mikono ya Dovima ikanyooshwa kuelekea tembo wa pande zote mbili. Inafaa kukumbuka kwamba baadaye Avedon mwenyewe alisema hakuridhika na jinsi utepe ule ulivyokaa. Mchoraji angeusogeza siku iliyofuata. Mpiga picha alibaki nao.

Jibu la pili

Naomba kutofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia. Gauni lile lilibuniwa na Yves Saint Laurent, kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia Dior, na bila mstari mweupe aliouweka yeye, jicho lisingepata njia ya kushuka kutoka kiunoni hadi sakafuni. Mimi huvutiwa zaidi na picha ambazo mpiga picha Irving Penn alizipiga Paris mwaka 1950 kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mwanamitindo pakiwa na pazia kuukuu la jumba la maonyesho na hakuna kingine. Hapo mpiga picha amejiweka kando makusudi ili mkato wa koti uonekane, na unyenyekevu huo kwangu ni usanii wa daraja la juu.

Jibu la tatu

Mnazungumza kana kwamba mvaaji hayupo. Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha za watu waliokuja wakiwa wamevalia walivyotaka kuonekana, naye akawaweka mbele ya vitambaa vya maua au vya nakshi, cha kwanza kikiwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Katika picha nizipendazo, nakshi za gauni na za pazia hukaribia kuchanganyika, kiasi kwamba uso na mikono ndivyo vinavyojitokeza. Mwenye swali alisema jicho lake huanzia kwenye nguo. Kwa Keïta nguo ndiyo inayolisukuma jicho lirudi kwa mtu, na sehemu kubwa ya uamuzi huo ilifanywa na mvaaji kabla hajaingia studio.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Sikuwa nimemfikiria mvaaji, na sasa naona kwamba Madame Moitessier naye, kwa kuketi mbele ya mchoraji yule kwa miaka mingi, ana sehemu yake katika mchoro ule. Kuhusu Penn bado sijashawishika: pazia lile kuukuu, pamoja na madoa yake, hunivuta kuliko koti lenyewe.