Wiki tano Namibia mimi na mume wangu kwa gari letu kutoka Mbeya, naombeni ushauri

Binti_Rungwe
Habarini wapendwa. Mwaka huu mimi na mume wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na badala ya sherehe tumeamua kuchukua likizo ya wiki tano, kuanzia mwisho wa Juni, twende Namibia kwa gari letu wenyewe, Prado ya dizeli, ya zamani lakini imetunzwa. Watoto wanabaki Tukuyu kwa bibi yao. Tutapita Tunduma, Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone halafu tuvuke daraja la Katima Mulilo. Shida ni kwamba mume wangu kashachora ramani na anataka kila mahali, hifadhi ya wanyama ya Etosha, mji wa pwani wa Swakopmund, machanga ya jangwani ya Sossusvlei, ashuke mpaka Fish River Canyon na Lüderitz, nimehesabu kuna siku tatu mfululizo tunaendesha kilomita 600 na kitu kila siku. Mimi naogopa tutarudi tumenuniana na picha za kioo cha mbele tu. Yeye anasema barabara zao nzuri kuliko zetu. Kwa waliowahi kwenda, ni kweli? Na makaratasi ya gari je? Tutalala kwenye hema la juu ya gari, tumeshalinunua.

Msafiri_Taratibu
Dada hongereni sana kwa miaka 10. Mimi na mama watoto tulizunguka Namibia siku 31 mwezi wa saba, kwa hiyo nakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Mume wako ana haki nusu. Lami yao ni nzuri kweli, imenyooka, unaweza kwenda nusu saa hujapishana na gari. Nchi ina zaidi ya kilomita za mraba 820,000 na watu kama milioni 3 tu, fikiria huo upweke. Ila lami ni zile barabara kubwa zinazoanza na herufi B na baadhi ya C. Ukienda kule kwenye jangwa lenyewe ni changarawe, na changarawe ndiyo inayoua wageni kule, wanaogopa simba kumbe hatari iko chini ya tairi.

Sisi ilitupata kwenye C14, tumetoka Solitaire tunaenda Walvis Bay. Barabara imekunjamana kama bati la mgongo, gari linatetemeka mpaka vikombe vinagongana nyuma, na kuna ule ujanja tunaoambiana madereva kwamba ukikimbia hausikii matuta. Nikapandisha mpaka 95. Kweli matuta yakapotea, kukawa kama tunateleza juu ya maji, kwenye kona ndogo tu ya kulia kitako cha gari kikaanza kutangulia. Sikukanyaga breki, nilishikilia usukani na kuachia mafuta, tukazunguka tukasimama tumeangalia tulikotoka, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Mke wangu hakupiga kelele. Alishuka, akaenda kukaa juu ya jiwe pembeni, akakaa pale kama dakika ishirini bila neno, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya kuomba radhi. Kuanzia siku ile sikupita 70 kwenye changarawe hata mara moja, ingawa sheria yao inaruhusu zaidi.

Kwa hiyo shemeji asome hapa: kilomita 600 za changarawe kwa siku hazipo. Weka 250 mpaka 300 na kila mahali mlale usiku mbili. Ukitoka kwenye lami kuingia changarawe punguza upepo wa tairi, ukirudi kwenye lami jaza, ile pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni lazima muwe nayo. Spea tairi mbili, sio moja. Mafuta jaza kila sheli unayoikuta hata kama tenki lina robo tatu. Na saa kumi na moja jioni muwe mmeshasimama, kudu (tandala) akiruka mbele yako usiku hutamwona.

Kuhusu Sossusvlei, laleni kambi ya Sesriem ya ndani ya hifadhi. Wa ndani wanafunguliwa geti saa moja kabla ya jua kuchomoza, wa nje wanasubiri jua. Kutoka hapo ni kilomita 60 za lami, halafu 5 za mwisho ni mchanga mtupu wa foo wili. Sisi tulipanda lile tuta kubwa la mchanga wanaloita Big Daddy, zaidi ya mita 300, saa nzima na nusu ukipiga hatua mbili unarudi moja, kule juu mke wangu akavua viatu akashuka anakimbia kama mtoto mpaka Deadvlei kwenye ile miti iliyokauka mamia ya miaka iliyopita na bado imesimama. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu tumepata mtoto wa pili. Mngefika pale mmechoka na kilomita 600 za jana msingepanda.

Tunduma_Lusaka
Mimi ni dereva wa malori kwa hiyo naongelea Zambia tu. Kipande cha Tunduma mpaka Mpika msikiendeshe usiku jamani, mashimo na malori yaliyoharibika bila taa. Vukeni boda asubuhi mapema maana foleni ya Tunduma mnaijua. Kadi ya gari iwe orijino, na kama iko kwa jina la mmoja wenu huyo mwenye jina awepo. Bima ya COMESA, ile ya gari kuvuka mipaka, kateni huku huku nyumbani, inafanya kazi Zambia, ila Namibia hawamo kwenye mpango huo, kule kuna mfuko wao wa ajali unaochangiwa kupitia bei ya mafuta na unahusu watu walioumia, gari lako halimo, kwa hiyo ongeeni na kampuni yenu ya bima kabla. Zambia mtapewa karatasi ya kuingiza gari kwa muda, msiipoteze, mnadaiwa mnapotoka.

Mbongo_Windhoek
Karibuni sana. Nyongeza chache. Mkitoka Rundu kwenda Grootfontein kuna geti la Mururani, nyama mbichi haipiti kwenda kusini kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, nimeona watu wamesimama pembeni wanachoma kilo tatu za nyama kwa haraka ili wasiziache. Pikeni kabla. Kabla ya hapo mtapita Bwabwata, karibu kilomita 200 ndani ya hifadhi, tembo wanavuka barabarani, mwendo wa pole.

Juni na Julai ni baridi, usiku jangwani inakaribia sifuri, na Swakopmund ukungu wa bahari unakaa mpaka saa tano asubuhi. Bebeni mablanketi ya Mbeya yenyewe. Randi ya Afrika Kusini inatumika sawa na dola ya huku, moja kwa moja.

Mkifika Windhoek nendeni Katutura, soko la Single Quarters, mle kapana, nyama inachomwa mbele yako inakatwa vipande unachovya kwenye chumvi na pilipili. Na msishangae mzee akiwajibu kwa Kiswahili. Wapo waliokaa Kongwa kule Dodoma enzi za kupigania uhuru kabla ya 1990. Mmoja nilimsalimia "shikamoo mzee", akanishika mkono hakuuachia, akaniuliza ile mibuyu ya Kongwa bado ipo?

Binti_Rungwe
Asanteni mno, nimesoma nikarudia. Jana usiku nimempa mume wangu simu asome mwenyewe, alipofika pale kwenye jiwe akanyamaza, akachukua kalamu akafuta Fish River na Lüderitz. Imebaki Etosha usiku nne, Swakopmund mbili, Sesriem tatu, Windhoek tatu, zilizobaki ni za njiani. @Msafiri_Taratibu swali la mwisho, Etosha mlilala kambi gani?

Msafiri_Taratibu
Okaukuejo mbili, Halali moja. Okaukuejo kisima chao cha wanyama kina taa usiku kucha, chukueni blanketi na chupa ya chai mkae pale kwenye benchi baada ya saa tatu. Vifaru weusi walikuja watatu, tukakaa mpaka saa nane usiku. Msalimie shemeji, mwambie tairi la pili la spea asilisahau.