Mkanda wa kunyanyulia vyuma kwa 70,000: nailoni, mtumba au wa fundi viatu?

Mnyegezi
Mwangaluka wakuu. Napiga tizi nyumbani, Nyegezi hapa Mwanza, nyuma ya nyumba. Chuma ni bomba nene la maji, uzito ni zege niliyomwaga kwenye ndoo za rangi, na stendi nilichomelewa na fundi mageti. Mwili umeitika. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedlifti (kunyanyua chuma kutoka chini) zimefika pazito na sasa nataka mkanda wa kiunoni. Bajeti ni 70,000, haivuki hapo.

Nimezunguka mjini nikabaki na mitatu. Makoroboi nimeonyeshwa wa nailoni wa kufunga kwa velkro, 35,000. Mlango Mmoja, kwenye mtumba, kuna wa ngozi uliojazwa sponji, mpana mgongoni na mwembamba tumboni. Muuzaji kaanzia 50,000. Wa tatu bado haujazaliwa: kuna fundi viatu Igogo anasema nimpelekee kipimo, atanishonea wa ngozi tupu kwa 65,000. Mikanda ya kampuni za nje kama SBD na Inzer huwa naiona mtandaoni, ila bei yake na usafiri wake siiwezi. Ninyi mngechukua upi?

Kocha Mabatini
Kwanza tuelewane mkanda unafanya nini. Wengi wanadhani unaushika mgongo kama bandeji. Sivyo. Unavuta pumzi mpaka tumboni, unaifungia humo, unasukuma tumbo nje pande zote. Tumbo linakutana na mkanda, msukumo wa ndani unapanda, na huo msukumo ndio unaozuia uti wa mgongo usiyumbe. Kwa hiyo mkanda mzuri ni ule unaokataa kusukumwa, na upande wa mbele una kazi kubwa sawa na wa nyuma.

Sasa uangalie huo wa mtumba. Mbele mwembamba, pale pale tumbo linapotafuta pa kuegemea. Halafu sponji inabonyea kwanza kabla ngozi haijaanza kazi. Huo ningeuacha hata akishusha mpaka 20,000.

Jiwe la Bismarck
Naungana na Kocha, ila nailoni msiitupe. Ni nyepesi, inafulika, haikuchomi mbavu ukiinama, na unaikaza kwa kadiri unayotaka badala ya kufuata matundu. Mtu anayechanganya skwati na mazoezi ya kuruka na kukimbia itamfaa kuliko ngozi.

Shida yake ni velkro. Nyuzi za fulana na vumbi la uani vinajaa kwenye vile vijino, na siku uzito ni mkubwa unausikia ukiachia, krrr, wakati uko chini kabisa. Ukitaka wa nailoni, tafuta wenye pete ya chuma, ule unaopita kwenye pete na kurudi ulikotoka. Hapo pete inabeba mvuto na velkro inashikilia ncha tu.

Mnyegezi
Wa Makoroboi hauna pete. Unalaliana tu velkro kwa velkro.

Fundi Ngozi
Basi tuongee huo wa Igogo, maana ndio kazi yangu. Kila kitu kiko kwenye ngozi yenyewe. Ngozi nyingi za mikoba na za juu ya viatu zimetengenezwa kwa dawa ya kromu. Zinakunjika vizuri, na kwa mkanda wako huo ndio ubaya: utalegea. Mwombe ngozi iliyoiva kwa magome, ile ya soli na matandiko. Dawa yake ndiyo hii inayotolewa kwenye magome ya miti ya miwati, kama ya kule Njombe. Mwambie akate pembe kidogo uone ndani. Ya magome ni kahawia mpaka katikati, ya kromu mara nyingi katikati ina ubluu au ukijivu.

Achukue sehemu ya mgongo wa ng'ombe. Ya tumboni inavutika. Upana uwe sm 10 mwanzo hadi mwisho. Unene mm 10 unatosha. IPF, shirikisho la kimataifa la kunyanyua vyuma vizito (powerlifting), wanaruhusu mpaka mm 13 kwenye mashindano, lakini huo unakuwa mgumu mno na unachelewa kuuzoea mwili. Kipande kimoja mara nyingi hakifiki mm 10, kwa hiyo atabandika viwili. Gundi peke yake usikubali, jasho litaifungua. Apige uzi wa nailoni uliopakwa nta kuzunguka kingo zote.

Bizimu iwe ya jino moja. Ya meno mawili inataka matundu yalingane sawasawa, yakipishana kidogo tu unahangaika kufunga. Na isiwe bizimu ya mkanda wa suruali! Kama hana nene, fundi wa kuchomelea akukunjie kwa chuma cha duara cha mm 8, kisha akipige msasa kisikwaruze.

Sato Mkavu
Mbona wa leva, ule unaofungwa kwa kibano cha chuma badala ya bizimu, haujatajwa? Unabana kwa mkono mmoja, unaachia kwa mkono mmoja, na unakaza kuliko yote.

Fundi Ngozi
Kweli, kwa anayeuvaa peke yake na kiuno chake hakibadiliki. Lakini kubadili saizi unafungua skrubu na bisibisi, hivyo nyumbani mkiutumia wawili mtachoka. Na leva ya kuaminika haipatikani kwa hela hii.

Dada wa Pasiansi
Kaka, kipimo usichukue cha suruali. Suruali inakaa chini, mkanda unakaa juu ya kitovu au hapo hapo. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kitovuni, tumbo limelegea, usilivute ndani. Namba hiyo ndiyo iangukie tundu la katikati.

Kwa wafupi wa kiwiliwili kama mimi, sm 10 inabanwa kati ya mbavu na nyonga tukienda chini. Sisi sm 7.5 inatosha. Jaribu na kipande cha boksi cha upana huo kabla fundi hajakata ngozi.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Kufunga pumzi chini ya mzigo kunapandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Mwenye presha, mwenye ngiri, na mama mjamzito wasivae kabla ya kuongea na daktari.

Mwana Ukerewe
Mimi nauliza swali jingine. Unanyanyua kilo ngapi hasa? Zege ina kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, yaani ndoo ya lita 10 iliyojaa ni kama kilo 24. Lakini kokoto na mchanga havilingani kila siku. Na stendi yako ina vyuma vya kudaka mzigo ukishindwa kuinuka? Kama haina, hiyo 65,000 ianzie hapo. Mkanda hauwezi kukutoa chini ya chuma.

Mnyegezi
Vya kudaka vipo, usawa wa mapaja. Uzito nilipima kwenye mizani ya dagaa kule Mwaloni. Ndoo kubwa moja kilo 23, ya pili 25, na madogo manne ya kilo 13. Na bomba, jumla inafika kama 108. Skwati narudia mara tano kwa seti.

Kocha Mabatini
Kwa uzito huo mkanda una haki yake, ila kwenye seti nzito za mwisho tu. Kupasha na seti nyepesi fanya bila mkanda, tumbo lijifunze kujikaza lenyewe. Na hizo kilo mbili za tofauti zisawazishe wiki hii. Funga mfuko wa mchanga kwenye ndoo nyepesi, la sivyo kila ukishuka mwili unajipinda upande mmoja, na mkanda hauzuii hilo.

Jiwe la Bismarck
Na ukiwa wa ngozi, kumbuka tuko ziwani. Mvua za Machi mpaka Mei ngozi inaota ukungu ukiuviringisha kwenye begi na jasho lake. Ufute, utundike kivulini penye upepo. Usiuanike juani wala karibu na jiko, utapasuka.

Mnyegezi
Nimeamua, naenda Igogo Jumamosi. Kitovuni nimepata sm 92, suruali navaa ya 32. Boksi la sm 10 limekaa vizuri mpaka chini. Bizimu itatoka kwa yule aliyenichomelea stendi. Matundu nimwambie atoboe mangapi?

Fundi Ngozi
Matano kwanza, nafasi ya sm 2 kati ya moja na jingine, la katikati liangukie 92. Mengine asitoboe bado. Uvae wiki kadhaa, ngozi itakaa kiunoni kwako na kipimo kitasogea kidogo, kisha umrudie aongeze pale unapohitaji. Na ncha aache ndefu, angalau sm 10 baada ya tundu la mwisho.