Ushauri: PhD ya 2022, sayansi ya udongo. Naanzia wapi kutafuta feloshipu na fedha za utafiti?

Mhadhiri_Moro
Wakuu, heshima kwenu. Ni mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, Tanzania Bara. PhD nilitunukiwa Novemba 2022. Sehemu ya masomo niliifanyia Ubelgiji, nikarejea nchini Desemba mwaka huohuo. Utafiti wangu ni fosforasi kwenye udongo wenye tindikali. Nahitaji vitu viwili: miezi kadhaa kwenye maabara yenye vifaa, na fedha za kazi ya shambani hapa nyumbani. Nimesikia aliyesoma Ulaya haruhusiwi kuomba Marie Curie, ile feloshipu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya. Ni kweli?

Jembe_na_Kalamu
Mkuu, kabla hujafungua tangazo lolote, andika tarehe ya PhD yako juu ya karatasi na uhesabu. Maombi mengi ya walimu wa vyuo hutupwa kabla ya kusomwa kwa sababu ya hesabu hiyo tu.

Feloshipu ya Humboldt ya Ujerumani ina makundi mawili. Walio ndani ya miaka 4 tangu PhD hukaa miezi 6 hadi 24. Waliovuka hapo, hadi miaka 12, hupewa miezi 6 hadi 18, na wanaweza kuigawa katika safari tatu. Kwako kundi la kwanza linafungwa Novemba 2026. Kwa maoni yangu hilo la pili linamfaa zaidi mwalimu mwenye vipindi, kwa kuwa unakwenda kwa awamu na darasa halikai bila mtu. Maombi hupokelewa mwaka mzima, na hapo ndipo wengi wanapojisahau, wanaahirisha mpaka miaka inawapita.

Marie Curie umesikia nusu. Kanuni ni kwamba usiwe umeishi, kusoma wala kufanya kazi kwenye nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 inayotangulia tarehe ya mwisho. Inahusu nchi unayokwenda, haihusu Ulaya nzima. Wewe hata Ubelgiji kwenyewe hufungwi tena. Kikomo kingine ni miaka 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya PhD.

Dirisha la maombi ya Marie Curie hufungwa Septemba. Sehemu kuu ya andiko la maombi haizidi kurasa 10, na alama ziko hivi: ubora wa kisayansi 50%, manufaa 30%, utekelezaji 20%. Wanasayansi wetu humaliza kurasa 8 kwenye mbinu za maabara, kisha manufaa na ratiba ya kazi vinabanwa kwenye nafasi iliyobaki. Hapo nusu ya alama inapotea. Na usipeleke andiko bichi kujaribu bahati: ukipata alama chini ya kiwango kilichowekwa, mwaka unaofuata huruhusiwi kurudi na mwenyeji yuleyule, yaani taasisi ileile ya kukupokea.

Bi_Mtaalamu
Naongezea la mwenyeji, yaani profesa wa kukupokea, maana bila yeye kukubali hakuna Humboldt wala Marie Curie. Usimwandikie profesa Agosti kwa dirisha la Septemba. Vyuo vingi vya Ulaya huchuja waombaji wao wenyewe kuanzia Machi hadi Mei. Barua pepe iwe na aya tatu: ya kwanza itaje makala yake moja na swali ambalo makala hiyo imeliacha wazi, ya pili ueleze ulichonacho wewe ambacho yeye hana, yaani mashamba, takwimu za misimu kadhaa, wakulima wanaokufahamu, ya tatu useme unaomba nini na kwa tarehe ipi. Ambatisha wasifu wa kurasa 2. Barua moja iliyosambazwa kwa maprofesa thelathini hujulikana kwa sentensi ya kwanza, haijibiwi.

Mhadhiri_Moro
Ahsanteni sana. Sampuli za udongo naweza kuzibeba kwenye begi?

Bi_Mtaalamu
Hapana! Udongo kutoka nje ya Ulaya umepigwa marufuku kuingia Umoja wa Ulaya kwa kuhofia magonjwa na wadudu wa mimea. Kuna ruhusa maalumu ya utafiti, lakini maabara inayokupokea ndiyo inayoiomba, na kifurushi husafiri na barua ya ruhusa hiyo. Iweke kwenye ratiba ya andiko lako, miezi kadhaa kabla ya safari. Upande wetu utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya vyuo viwili. Na Wazungu wakija shambani kwako, kibali chao cha utafiti ni cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Hesabu_Kwanza
Bajeti ndiyo inayoangusha maandiko mazuri. Usiandike "uchambuzi wa sampuli" halafu tarakimu moja kubwa. Andika: vijiji 10, mashamba 12 kila kijiji, sampuli 120, vipimo 4 kila sampuli, vipimo 480, ongeza 10% ya marudio kwa ajili ya uhakiki, jumla 528, zidisha kwa bei iliyo kwenye ankara kifani ya maabara. Mtathmini akiona mnyororo huo hana cha kukata. Kifaa kikinunuliwa nchini kumbuka VAT 18%, tena usome kwanza kama mfadhili anailipa, wengine hawailipi. Taja tarehe ya kiwango cha kubadilishia fedha ulichotumia.

Mkiingia kwenye kundi la vyuo linaloomba fedha za Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, chuo kinatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya tarakimu 9. Uliza kurugenzi ya utafiti, yawezekana ipo tangu zamani. Watu husajili ya pili kwa haraka, kisha uhakiki unakwama.

Jembe_na_Kalamu
Kwa fedha za nyumbani: fuatilia ruzuku za ushindani za ndani ya chuo chako na matangazo ya COSTECH. Kama kuna mwanasayansi mwanamke kwenye timu, OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea lililoko Trieste, Italia, hutoa hadi dola 50,000 kwa miaka miwili, na utafiti unafanyika kwenye chuo chake mwenyewe. Ukitaka safari fupi ya kuonana na mwenyeji kwanza, DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, ina ufadhili wa mwezi 1 hadi 3 kwa wanataaluma wa vyuo, ofisi yao ya kanda iko Nairobi.

Barua ya ruhusa ya mwajiri iombe sasa. Kibali cha safari ya nje cha mtumishi wa umma hupita meza nyingi, na mfadhili hakusubiri.