Linux Mint: neno la siri linakubaliwa, halafu narudishwa pale pale pa kuingilia

mama_steshenari
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, kompyuta ya kazi ni Linux Mint ya Cinnamon. Tangu asubuhi nikiandika neno la siri skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha narudishwa pa kuingilia. Haisemi nimekosea. Nikikosea makusudi ndiyo inalalamika. Akaunti ya kijana wangu wa dukani inafunguka vizuri tu. Kuna aliyeniambia nifute kila kitu niweke Mint upya, na humo mna mitihani ambayo walimu wanaifuata kesho. Naombeni msaada.

fundi_wa_zamu
Dada, usifute chochote! Faili zako zipo. Pale pa kuingilia bonyeza Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini ya maandishi matupu. Andika jina la akaunti, kisha neno la siri. Herufi hazitaonekana, wewe andika tu. Halafu `df -h`, tuone kama diski imejaa.

kibodi_tanga
Diski ingejaa, kwa kawaida hata huyo kijana angekwama. Kilichoharibika kimo kwenye folda ya dada mwenyewe. Andika pia `ls -l ~/.Xauthority` utuletee mstari wote.

mama_steshenari
Diski imetumika 61%. Mstari ni huu:
`-rw------- 1 root root 52 Jun 11 17:48 /home/duka/.Xauthority`
Saa hizo jana fundi alikuwa ananiwekea printa.

kibodi_tanga
Ndiyo hiyo. Soma hapo penye "root root", yaani mmiliki ni root, akaunti kuu ya msimamizi: palitakiwa pawe "duka duka". Faili hii hutunza ufunguo unaoiruhusu akaunti yako kutumia skrini, na sasa huwezi hata kuisoma. Andika hii (sudo huipa amri mamlaka ya root, chown hubadili mmiliki wa faili):
`sudo chown duka:duka ~/.Xauthority`
Kisha `exit`, na Ctrl+Alt+F7 urudi pa kuingilia.

mama_steshenari
IMEFUNGUKA! Mitihani yote ipo. Mungu awabariki sana. Fundi nimempigia, anasema alifungua programu ya printa kwa sudo.

fundi_wa_zamu
Hongera dada. Programu yenye madirisha ikifunguliwa kwa sudo inaweza kuacha faili za root kwenye folda yako. Kabla hujafunga duka endesha `find ~ -user root`. Ikitaja .ICEauthority au chochote ndani ya .config, irudishie umiliki kwa chown ile ile, ukiweka jina la faili hiyo badala ya .Xauthority.